Jinsi ya Kufuatilia Maisha ya Galaksi Zilizosongamana na Kufunikwa na Vumbi

Hakuna darubini inayoweza kutuonyesha galaksi moja ikikua. Hata hatua iliyo fupi katika maisha yake huchukua makumi ya mamilioni ya miaka, na kila tunapoitazama anga tunapata picha moja tu ya kila galaksi, inayotuonyesha jinsi ilivyokuwa wakati nuru yake ilipoanza safari ya kuja kwetu. Anayetaka kujua galaksi zenye vumbi jingi za ulimwengu wa awali zilitoka wapi na zikaishia kuwa nini, yuko katika hali ya mtu aliyepewa picha za wakazi wa kijiji kizima, wachanga kwa wazee, kila picha ya mtu tofauti, kisha akatakiwa aseme mtoto wa namna gani huja kuwa mzee wa namna gani. Kufanana kwa sura hakutoshi. Kinachokaribia kutosha ni hesabu: kiasi cha gesi, kasi ya kuitumia, masi ya nyota zilizokwisha kuumbwa, ukubwa wa eneo zilimojaa, muda uliopo, na idadi ya galaksi zenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya hesabu hiyo, na umeandikwa kwa ajili ya yeyote mwenye fizikia ya sekondari, kikokotoo na subira.

Tambua kwanza unachokitazama

Galaksi yetu, Njia Nyeupe, huumba nyota mpya zenye jumla ya masi ya Jua moja au mbili kwa mwaka, na kazi hiyo hufanyika katika kisahani chenye upana wa takriban miaka-nuru 100,000. Galaksi tunazozizungumzia hapa huumba mamia ya masi za Jua kwa mwaka, na baadhi yake huvuka elfu moja, huku sehemu kubwa ya kazi hiyo ikifanyika ndani ya eneo lenye nusu-kipenyo cha miaka-nuru 3,000 hadi 6,000 tu. Huo ndio msongamano unaozipa jina lake. Vumbi lake si la barabarani: ni punje ndogo mno za kaboni na silikati, ambazo hunyonya mwanga wa urujuanimno wa nyota changa, zikapata joto kidogo, kisha zikaitoa nishati hiyo upya kama mawimbi ya infraredi. Anayepitisha mkono juu ya jiko la makaa yaliyofunikwa na majivu haoni mwako, lakini joto analipata. Ndivyo galaksi hizi zinavyojulikana. Vumbi lake lina kelvini 30 hadi 40 hivi, yaani baridi ya nyuzi zaidi ya 230 chini ya sifuri, na hutoa nguvu yake kubwa karibu na urefu wa wimbi wa mikromita 100. Kutanuka kwa ulimwengu huyavuta mawimbi hayo njiani hadi yanatufikia yakiwa na mamia ya mikromita, karibu kufika milimita moja.

Mfano ulio bora wa kuanzia ni kitu kinachoitwa HDF 850.1. Mnamo Desemba 1995 darubini ya anga-nje Hubble ilitazama kipande kidogo cha anga katika kundinyota la Dubu Mkubwa kwa muda wa siku kumi hivi, na ikapiga picha yenye maelfu ya galaksi. Mwaka 1998 wanaastronomia waliokuwa wakitumia kamera iitwayo SCUBA, kwenye darubini ya James Clerk Maxwell iliyoko Mauna Kea, Hawaii, walikitazama kipande hichohicho kwa mawimbi ya mikromita 850. Chanzo kilichong'aa kuliko vyote katika mawimbi hayo hakikuwa na mwenzake katika picha ya Hubble. Ilichukua miaka 14 kujua kiko umbali gani, na nitarudi kwenye hesabu hiyo hivi punde, kwa sababu inafundisha mengi.

Kabla ya kuendelea, yapo mambo mawili ambayo ukiyapuuza utapotea mapema. La kwanza ni kwamba mng'ao wa galaksi hizi katika mikromita 850 hausemi lolote kuhusu umbali. Kwa kawaida kitu kikienda mbali hufifia. Lakini galaksi yenye vumbi ikiwa mbali zaidi, mhamo mwekundu, yaani kule kuvutwa kwa mawimbi na kutanuka kwa ulimwengu (mhamo wa 6 maana yake yamevutwa mara 7, na mhamo ukiwa mkubwa kitu kiko mbali zaidi), hutuletea sehemu ya nuru yake iliyo karibu zaidi na kilele cha mng'ao wake, na faida hiyo hufidia hasara ya umbali. Matokeo yake ni kwamba galaksi ileile ingeonekana na mng'ao unaokaribiana, iwe kwenye mhamo mwekundu wa 1 au wa 6. Ni zawadi kubwa kwa anayetafuta vitu vya kale, na ni mtego kwa anayekadiria umbali kwa macho.

La pili ni kwamba nukta moja inaweza kuwa galaksi kadhaa. SCUBA haikuweza kutenganisha vitu vilivyokaribiana kwa chini ya sekunde 15 hivi za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja), na katika upana huo galaksi mbili au tatu hukaa bila shida. ALMA, yenye antena 66 zinazofanya kazi kama darubini moja katika uwanda wa Chajnantor nchini Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, ndiyo iliyotuonyesha kwamba vyanzo vingi vilivyodhaniwa kuwa galaksi moja kubwa ni mkusanyiko. HFLS3, iliyogunduliwa kwa darubini ya Herschel na kutangazwa mwaka 2013 kama kiwanda kimoja cha nyota kwenye mhamo wa 6.34, imetazamwa upya kwa darubini ya anga-nje James Webb, na hapo pameonekana kundi la galaksi ambazo nuru yake imekuzwa na galaksi nyingine zilizo mbele yake. Kwa hiyo usifungue hesabu ya galaksi yoyote kabla hujapata picha yake kali, na kabla hujauliza kama kuna lenzi ya graviti njiani.

Pata mhamo mwekundu kwa mistari ya spektra

Rangi ya infraredi hukisia tu umbali, kwa maana vumbi lenye joto kidogo lililo karibu hufanana na vumbi lenye joto zaidi lililo mbali. Njia ya uhakika ni mistari ya molekuli na atomu, yaani nuru ambayo kila moja hutoa kwenye masafa yake maalumu. Monoksidi ya kaboni ndiyo rafiki wa kwanza: mistari yake imepangwa kama vipago vya ngazi, na kila kipago kiko juu ya kilichotangulia kwa takriban gigahezi 115.27. Ulimwengu unapotanuka, ngazi nzima hubanwa kwa kiasi kilekile.

Mwaka 2012, kwa kutumia antena za Plateau de Bure nchini Ufaransa, mistari miwili ya HDF 850.1 ilipatikana kwenye gigahezi 93.20 na 111.84. Chukua kikokotoo. Tofauti yake ni 18.64. Gawanya 115.27 kwa 18.64 upate 6.18, toa moja, na mhamo mwekundu ni 5.18. Sasa gawanya 93.20 kwa 18.64 upate 5: huo ni mstari wa kipago cha tano, na wa juu yake ni wa sita. Hesabu haitakiwi kuishia hapo, kwa sababu mistari miwili inaweza kukudanganya iwapo mmoja si wa monoksidi ya kaboni. Kaboni iliyopoteza elektroni moja hutoa mstari wenye nguvu sana kwenye mikromita 158, yaani gigahezi 1,900.54. Gawanya kwa 6.183 (ile 6.18 kwa usahihi zaidi), nao unapaswa kuonekana kwenye gigahezi 307.4. Ulitafutwa, na ukaonekana hapohapo. Kwa upande wangu sijui hesabu fupi kuliko hii inayotoa ushindi mkubwa kiasi hiki: kitu kilichojificha kwa miaka 14 kiliwekwa mahali pake, miaka bilioni 1.1 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, kwa kugawanya namba chache.

Ukishapata mhamo, ugeuze kuwa umri wa ulimwengu. Katika ulimwengu wenye miaka bilioni 13.8, mhamo wa 2 ni karibu miaka bilioni 3.3 tangu mwanzo, mhamo wa 4 ni bilioni 1.5, mhamo wa 6 ni kama milioni 930, na mhamo wa 7 ni kama milioni 760. Namba hizi zishike kichwani, maana ndizo saa yako.

Fungua daftari la gesi

Hii ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, na anayeharakisha hapa huharibu yote yanayofuata. Daftari lina safu tatu: kinachotumika, kilichobaki, na kilichokwisha kuzalishwa.

Kinachotumika hupatikana kutokana na mng'ao wa infraredi. Kwa kuwa vumbi limenyonya karibu nuru yote ya nyota changa, jumla ya joto linalotoka ni kipimo cha nyota zinazozaliwa. Kanuni rahisi ni kwamba kila mng'ao wa Jua bilioni 10 katika infraredi huwakilisha takriban masi moja ya Jua ya nyota mpya kwa mwaka. Galaksi yenye mng'ao wa Jua trilioni 10 huumba masi 1,000 kwa mwaka. Kanuni hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba nyota kubwa na ndogo huzaliwa kwa uwiano uleule unaoonekana katika Njia Nyeupe. Vipo vipimo vya aina nyepesi na nzito za atomu za kaboni na oksijeni katika baadhi ya galaksi hizi vinavyodokeza kwamba nyota kubwa huzaliwa humo kwa wingi zaidi, na iwapo ni kweli, kasi halisi ni ndogo kuliko tunavyoandika. Vilevile shimo jeusi linalolishwa katikati ya galaksi hupasha vumbi joto bila nyota yoyote kuzaliwa. Ukiona vumbi lenye joto kuliko kawaida, au dalili ya mionzi ya eksirei, punguza sehemu hiyo kabla ya kuandika kasi. Mawimbi ya redio hutoa ushahidi wa pili usiozuiwa na vumbi, na katika hili Afrika ina chombo chake: MeerKAT, yenye antena 64 huko Karoo, Afrika Kusini, inayotangulia mradi mkubwa wa darubini za redio uitwao SKA, ambao Kenya na Msumbiji ni miongoni mwa washirika wake.

Kilichobaki ni gesi ya molekuli. Haidrojeni baridi haitoi nuru inayotufaa, kwa hiyo tunapima monoksidi ya kaboni kisha tunazidisha. Kizidisho chenyewe kina ubishi: kwa galaksi zinazowaka kwa nguvu hutumika 0.8 hivi, kwa zilizo kama yetu hutumika zaidi ya 4. Maana yake ni kwamba watafiti wawili waaminifu wanaweza kutofautiana mara tano wakitazama mstari uleule. Ushauri wangu ni kuandika kizidisho ulichotumia kando ya kila namba ya gesi, na kurudia hesabu yote kwa kizidisho cha pili kabla hujafanya hitimisho.

Sasa tulijaze daftari kwa galaksi halisi. SPT0311-58 iligunduliwa kwa darubini iliyoko Ncha ya Kusini, na mwaka 2018 ikaelezwa kwa vipimo vya ALMA: ni galaksi mbili zinazokaribiana kwenye mhamo wa 6.9, ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 780 hivi. Ile kubwa ina gesi ya takriban masi bilioni 270 za Jua na huumba nyota za masi 2,900 kwa mwaka. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: gesi yote itakwisha baada ya miaka milioni 93. Hiyo ni asilimia 12 ya umri wa ulimwengu wa wakati huo. Iwapo hakuna gesi mpya inayoingia, galaksi hii haiwezi kuendelea hivi hadi ulimwengu ufikishe miaka milioni 900. Tumepata jambo ambalo hakuna picha ingetuambia: tunachokitazama ni kipindi kifupi, na mrithi wake, galaksi iliyonyamaza, yaani isiyoumba tena nyota, anapaswa kuanza kuonekana mapema sana.

Usipite haraka kwenye safu ya tatu, ya kilichokwisha kuzalishwa, ambayo hapa ni vumbi. Galaksi hiyohiyo ina vumbi la masi bilioni 2.5 za Jua. Uwiano wake na gesi ni moja kwa 108, karibu sawa na uwiano ulio katika Njia Nyeupe leo, ambayo imekuwa na miaka zaidi ya bilioni 10 ya kujipikia kaboni na silikoni. Hilo vumbi lilipatikana wapi kwa haraka hivyo? Nyota za kawaida zinazozeeka polepole hazikuwa na muda. Nyota zenye zaidi ya mara nane ya masi ya Jua ndizo huishi miaka milioni chache hadi 40 hivi, kisha hulipuka kama supanova. Kwa wastani hutokea supanova moja kwa kila masi 100 za Jua za nyota zinazoumbwa. Masalia ya supanova ya mwaka 1987, katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani yetu, yamepimwa na kuonekana yana vumbi la takriban nusu ya masi ya Jua. Basi hata tukidhani kwamba galaksi ilikwisha kuumba nyota za masi bilioni 100, tunapata supanova bilioni moja na vumbi la masi milioni 500, ambalo ni moja ya tano ya linaloonekana, na hapo hatujahesabu punje zinazovunjwa na mawimbi ya milipuko yenyewe. Daftari halifungi. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba punje zilizotoka kwenye supanova ziliendelea kukua ndani ya gesi nzito, zikiokota atomu za metali (elementi nzito kama kaboni na silikoni) zilizoelea humo, na katika hilo msongamano wa galaksi hizi ni msaada mkubwa, kwa kuwa punje hukua haraka pale gesi ilipobanana.

Pima ukubwa, na useme ni ukubwa wa kitu gani

Makosa mengi katika somo hili hutokana na kulinganisha ukubwa wa vumbi wa galaksi moja na ukubwa wa nyota wa galaksi nyingine. ALMA hupima eneo ambamo vumbi linawaka, yaani ambamo nyota zinazaliwa sasa. Hubble na Webb hupima nyota zilizokwisha kuzaliwa, tena zile tu ambazo nuru yake imepenya. Katikati mwa galaksi yenye vumbi ndipo penye vumbi jingi zaidi, kwa hiyo katika mawimbi mafupi kitovu hufichwa na galaksi huonekana pana na iliyotawanyika kuliko ilivyo. Webb, kwa kufika mikromita 4.4 na zaidi, imeonyesha kwamba galaksi nyingi za namna hii ni ndogo na zenye kitovu kizito kuliko zilivyoonekana kwa Hubble. Linganisha vumbi na vumbi, nyota na nyota, na utumie urefu wa wimbi unaolingana baada ya kuondoa mhamo.

Ukifanya hivyo utaona picha moja ikijirudia: kuna kisahani kipana chenye nyota za awali, na katikati yake kiini kidogo kinachowaka. Gesi imeporomoka kuelekea katikati. Kuporomoka huko husababishwa na galaksi mbili kugongana, au na kisahani chenyewe kushindwa kujishikilia kwa sababu gesi iliyomo ni nyingi mno, kikavunjika mabonge yanayoteremka kuelekea kitovuni. Mjadala kuhusu ipi kati ya njia hizo hutawala ungali hai, na naona si busara kuchagua upande kabla ya kutazama mwendo wa gesi: kisahani kinachozunguka kwa utaratibu huacha alama moja katika mistari ya kaboni, mgongano huacha nyingine, na mgongano uliokwisha kutulia unaweza kuigiza kisahani. Mazingira nayo yana neno lake. SPT2349-56, kwenye mhamo wa 4.3, ni galaksi 14 zenye gesi zilizojazana katika eneo lenye upana wa miaka-nuru kama 420,000. Hapo migongano haikwepeki. Hata HDF 850.1 yetu, ilipotazamwa kwa Webb, ilionekana kuwa na sehemu mbili na kuzungukwa na galaksi nyingi zenye mhamo wa karibu 5.2.

Tafuta sababu ya kunyamaza

Gesi huisha kwa kugeuzwa nyota, lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni gesi inayofukuzwa. Katika SPT2319-55, kwenye mhamo wa 5.3, ALMA ilionyesha mwaka 2018 upepo wa gesi ya molekuli unaotoka kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, ukibeba gesi kwa kiasi kinachokaribia kile kinachogeuzwa kuwa nyota. Daftari la gesi lisilo na safu ya upepo litaipa galaksi maisha marefu kuliko stahili yake. Upepo huo unaweza kusukumwa na supanova au na shimo jeusi, na dalili ya shimo jeusi inafaa kutafutwa hasa kwa galaksi zilizokwisha kunyamaza, kwa sababu ndilo linaloweza kuizuia gesi mpya isirudi.

Mlinganishe mrithi na mzazi

Sasa umefika kwenye kazi yenyewe ya kuunganisha. Kuna kanuni tatu, na galaksi inayoshindwa kutimiza yoyote kati yake haifai kuitwa mzazi, hata kama inafanana na mrithi kwa kila sura.

Masi ya nyota haipotei ovyo. Nyota zikifa hurudisha sehemu ya masi yake kama gesi, inayoweza kufikia theluthi au zaidi kidogo, lakini galaksi haiwezi kuwa na nyota za masi bilioni 200 leo kisha ikaonekana na bilioni 40 baadaye. Chukua GS-9209, iliyochunguzwa kwa Webb na kuelezwa mwaka 2023. Iko kwenye mhamo wa 4.66, miaka bilioni 1.25 baada ya mwanzo. Nyota zake zina masi bilioni 38 hivi za Jua, zimejaa ndani ya nusu-kipenyo cha takriban miaka-nuru 700, na zinaonyesha kwamba ziliumbwa katika kipindi cha miaka milioni 200 hivi kabla galaksi haijanyamaza, ulimwengu ukiwa na miaka milioni 800. Inavutia kusema kwamba mzazi wake alikuwa kitu kama SPT0311-58, kwa kuwa saa zinalingana vizuri mno. Daftari linakataa: SPT0311-58 ina gesi peke yake mara saba ya nyota zote za GS-9209. Gawanya bilioni 38 kwa milioni 200 upate wastani wa masi 190 kwa mwaka, na zaidi kidogo ukihesabu zilizokwisha kufa. Mzazi alikuwa wa ukoo huohuo, lakini mdogo zaidi.

Saa lazima ikubali pia. Umri wa nyota za mrithi, unaosomwa katika spektra yake, ukiuondoa kwenye umri wa ulimwengu wa wakati huo, unapaswa kukufikisha kwenye mhamo ambao wazazi wanaopendekezwa wanapatikana.

Kanuni ya tatu, ambayo wengi huisahau, ni idadi. Galaksi zenye vumbi zilizo kwenye mhamo wa 3 hadi 6 ni chache kuliko galaksi zilizonyamaza na kusongamana zinazoonekana kwenye mhamo wa 2, ambazo hubana masi ya nyota ya karibu bilioni 100 ndani ya nusu-kipenyo cha miaka-nuru 3,000 hivi. Tofauti hiyo haivunji udugu wao, inapima muda. Iwapo kila mzazi huwaka kwa kipindi kifupi tu, wakati wowote tutawakuta wachache wakiwaka, huku warithi wakizidi kurundikana. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2014 ulipata kwamba idadi hizo mbili hupatana ikiwa kila galaksi huwaka kwa miaka milioni 40 hivi. Linganisha na milioni 93 tuliyoipata kwa gesi: njia mbili zisizotegemeana, na zote zinasema makumi ya mamilioni ya miaka. Hapo ndipo hoja inaposimama imara.

Baada ya kunyamaza, galaksi hizo hukua kwa kumeza ndogo zilizo jirani, ambazo nyota zake hutawanyika pembezoni, hata kiini cha kale kikabaki ndani ya galaksi kubwa ya duaradufu. Chache hazikupata cha kumeza. NGC 1277, katika fungu la galaksi la Perseus, umbali wa miaka-nuru milioni 240 hivi, imebaki ndogo, nyekundu na yenye nyota za kale tupu, na inatupa nafasi ya kutazama kwa karibu kile ambacho kwingineko ni nukta.

Anza na data iliyo wazi

Huhitaji kumiliki darubini. Hifadhi ya data ya ALMA iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, na vipimo vingi hufunguliwa kwa umma baada ya mwaka mmoja; picha za Webb na Hubble hupatikana kwa njia kama hiyo. Programu ya CARTA hufungua faili za ALMA bila malipo, na maktaba ya Astropy, inayotumiwa na lugha ya Python, hugeuza mhamo kuwa umri kwa mstari mmoja wa msimbo. Anza kwa kurudia hesabu za HDF 850.1 na SPT0311-58 zilizo hapa juu, kisha ubadilishe kizidisho cha gesi uone muda unavyobadilika.

Ukishazizoea, jaribu swali ambalo bado linatafutiwa jibu. RUBIES-UDS-QG-z7 ni galaksi iliyonyamaza, kwenye mhamo wa 7.29, ulimwengu ukiwa na miaka milioni 700 na ushei, nayo ina nyota za masi zaidi ya bilioni 10. Ikiwa ziliumbwa kwa miaka milioni 150 hivi, mzazi wake aliumba masi kama 100 kwa mwaka, na kama alikuwa amefunikwa na vumbi, mng'ao wake wa infraredi ulikuwa karibu Jua trilioni moja. Ni mara kumi chini ya zile galaksi ambazo SCUBA ilizikamata, kwa hiyo tafuta katika vyanzo hafifu vya ALMA, kwenye mhamo wa 8 hadi 10, mahali ambapo mstari wa kaboni wa mikromita 158 huangukia kati ya gigahezi 211 na 173.